Labanya Deka na Chumba cha Kusukutulia

Kuna sauti moja ya hospitali hii ambayo haijanitoka masikioni tangu asubuhi niliyoripoti kazini. Ni sauti ya watu kumi na saba wakisukutua koo kwa pamoja. Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi mwembamba wa chini, barua ya ajira mkononi, nikadhani bomba la maji machafu limepasuka. Kisha ikakatika ghafla. Wakatema wote kwa mara moja, na mwanamke ambaye sikumwona akasema kwamba watu wa benchi la nyuma wamedanganya, warudie.

Mwanamke huyo ni Labanya Deka. Ameitumikia hospitali yetu ya saratani kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne, tangu tarehe 1 Desemba 1989, na amestaafu Ijumaa tarehe 31 Machi 2023. Sote, kuanzia madaktari wa mionzi hadi walinzi wa lango, tulimwita Baideu, kama watu wa Assam tunavyomwita dada mkubwa tunayemheshimu. Kwenye daftari la waajiriwa ameandikwa hivi: mfagiaji, wodi ya tatu. Aliingia akiwa mfagiaji na ametoka akiwa mfagiaji. Niliomba nionyeshwe ukurasa huo nisije nikaandika uongo. Ndivyo ulivyo.

Zamu hii jarida la wafanyakazi nalihariri mimi, kwa hiyo hakuna wa kunipunguzia maneno. Niliombwa niandike juu ya tabasamu lake. Baideu si mtu wa kutabasamu sana. Nitaandika juu ya kazi yake.

Kazi hiyo ilianza kwa sahani. Wodi ya tatu ni ya saratani za kinywa na koo, na katika jimbo letu wodi hiyo haijawahi kuwa na kitanda kitupu, maana tambuu na popoo, tunazotafuna na zinazoleta saratani hiyo, ndiyo karibu yetu, ndiyo samahani yetu, ndiyo asante yetu. Daktari hupita asubuhi akasoma faili. Muuguzi hupita na sindano. Mfagiaji ndiye anayezoa sahani, na ndiye anayemwaga mabeseni ya mate. Kwa hiyo katika mwaka wake wa kwanza Labanya Deka, aliyesoma hadi darasa la saba, alijua mambo ambayo faili halikuwa nayo: nani hakula, amebakiza nini, na beseni la nani limeanza kuwa na damu. Alimwambia muuguzi. Muuguzi alimwambia afagie.

Akaendelea kufagia huku akitazama. Aliona kwamba mgonjwa wa wiki ya tatu ya mionzi anasukuma dengu pembeni lakini mtindi anaumaliza. Aliona kwamba wali wa moto hurudi kama ulivyokwenda, na wali uleule ukipoa hupungua. Aliona kwamba waliosukutua kabla ya kula na baada ya kula walikuwa na ulimi safi, na waliolala na mabaki ya chakula mdomoni waliamka na vidonda. Daktari mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyempa kipimo cha maji: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kimoja cha soda ya kuokea. Unasukutua, unatema, humezi, na baada ya saa mbili au tatu unarudia. Hakuna siri hapo. Siri ilikuwa kuwafanya watu waliokata tamaa, ambao hata kufungua mdomo kuliwatoa machozi, wafanye hivyo siku nzima.

Alichofanya ni kuwakusanya. Chini ya ngazi kuna stoo ya mifagio, na ufunguo wake alikuwa nao kwa sababu ya cheo chake. Akaipaka chokaa, akaingiza mabenchi matatu, kila mgonjwa na kikombe chake chenye jina lake. Saa tatu asubuhi wote walishuka. Kwa makelele yale, na kwa kuwa hakuna aliyeelewa mwenzake anasema nini, wagonjwa wenyewe walikipa chumba kile jina la Bunge. Waliochelewa walizomewa. Mzee aliyetema kabla ya wakati aliambiwa amejiuzulu.

Ndani ya Bunge hilo Baideu alifundisha mambo ambayo mimi nililipiwa miaka minne ya chuo kule Guwahati na sikuyajua yanavyofanyika. Mswaki laini, ulioloweshwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Ambaye damu yake haigandi vizuri asitumie mswaki. Amsubiri yeye, na kitambaa cha pamba kilichochemshwa, alichokizungusha kidoleni. Vitambaa hivyo alivikata kwenye gamosa, zile taulo nyeupe zenye ukingo mwekundu ambazo kwetu mtu huvishwa shingoni kupewa heshima. Ndugu za wagonjwa walimvisha kwa mamia. Kuna ofisa aliyemgombeza kwamba anachana heshima ya watu. Alimjibu kwamba ukingo mwekundu anautunza, na sehemu nyeupe anawarudishia wenyewe mdomoni.

Juu ya ladha alikuwa na visosi vitatu: sukari, chumvi, ndimu. Kila Jumatatu alimwonjesha mgonjwa, isipokuwa mwenye vidonda, ambaye ndimu hakumgusisha. Alituambia, na mimi nimeliandika ukutani mwa ofisi yangu, kwamba ulimi usiuulize umepoteza nini, uuulize umebakiwa na nini. Aliyebakiwa na utamu alipikiwa ndizi na maziwa. Aliyebakiwa na chumvi alipikiwa uji wa mchele na yai. Asiyebakiwa na chochote aliambiwa ukweli, kwamba kwa wengi ladha hurudi, lakini baada ya wiki nyingi, pengine miezi, na kwamba kwa sasa ale kama anavyokunywa dawa, kijiko kwa kijiko, bila kungoja hamu.

Nilishuhudia kisa kimoja mwenyewe, majira ya baridi ya mwaka 2021. Mzee Premadhar, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa siku ya sita anakataa chakula cha nyumbani. Mkewe, Mama Kunjalata, alitangaza mbele ya wodi nzima kwamba lawama ni ya mkwewe Jonali, ambaye tangu aolewe hajajua kipimo cha chumvi, na sasa ameamua kummaliza baba mkwe. Jonali alikuwa bombani anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Baideu aliweka ufagio chini akamuuliza mzee mdomo wake una ladha gani. Mzee akasema ni kama amelamba reli ya treni. Baideu akalitazama bakuli. Lilikuwa la shaba, zito, limesuguliwa likawaka, la aina ambayo kwetu haitolewi nyumbani ila kwa ajili ya mtu anayependwa.

"Mama, bakuli hili ni zuri sana," akamwambia Mama Kunjalata. "Lirudi nyumbani likapumzike."

"Hili? Hili ndilo alilokuwa akilia chakula baba mkwe wangu."

"Basi ndiyo maana limechoka."

Wodi ilicheka, hata waliokatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi. Baideu akamwagia chakula kilekile kwenye jani la mgomba, akakiacha kipoe, akamkabidhi mzee kijiko cha mwanzi. Mzee Premadhar akala nusu. Kisha akauliza nani amepika leo. Mama Kunjalata alilikunja na kulikunjua pindo la sari yake. "Mke wa mwanao," akasema. Mzee alimaliza mionzi yake yote thelathini na mitatu bila kukosa siku hata moja.

Sasa nije kwenye tambuu, maana bila hiyo huwezi kumwelewa Baideu wala kuelewa hasira yangu.

Mgonjwa anayemaliza tiba hurudi kijijini. Jirani anakuja kumpa pole, amebeba sinia yenye miguu, juu yake popoo iliyokatwa na jani lililopakwa chokaa. Kukataa ni kumtukana jirani, na kumtukana aliyekuja kukupa pole ni jambo ambalo watu wetu hawataki kufa nalo. Wanaona afadhali wafe kwa tambuu, bila tusi hilo. Nimewaona wakirudi wodi ya tatu baada ya mwaka, baada ya miwili, shavu lililopona limevimba tena, na ukiwauliza wanakwambia kwa upole kwamba haikuwa mazoea, ilikuwa adabu tu. Adabu yetu inaua, na inatoa kwa mikono miwili.

Baideu hakupigana na adabu. Aliichunguza kama alivyochunguza sahani. Akaona kwamba desturi inataka popoo itolewe na ipokewe, lakini haisemi popote kwamba ni lazima itafunwe. Akawaambia watu: leteni nzima. Popoo nzima ndani ya ganda lake, na jani zima lisiloguswa na chokaa. Unapokea kwa mikono miwili, unagusisha paji la uso, unairudisha kwenye sinia. Heshima imetolewa, heshima imepokewa, na mdomo haujui kitu.

Kila mgonjwa siku ya kuondoka alifanyishwa mazoezi mbele ya jamaa zake. Baideu aliigiza jirani mwenye kinyongo, na aliigiza vizuri kuliko majirani wenyewe. Angesimama na sinia, ashike kiuno, aseme, "Ahaa, siku hizi umekuwa mkubwa. Vyetu havitafuniki, eti?" Na mgonjwa alitakiwa ajibu bila kutetereka. Mama mmoja wa mashamba ya chai, aliyekatwa nusu ya taya, alimjibu kwa maandishi, maana sauti hakuwa nayo. Aliandika kwamba ameipokea, ila meno yake yamekwenda likizo na hayakuacha anwani. Karatasi hiyo Baideu aliibandika kwenye mlango wa Bunge. Ilikuwepo hadi wiki iliyopita.

Nimesema nitaandika ukweli, kwa hiyo siwezi kuruka sehemu yangu.

Nilikuja hapa Julai 2018, ofisa lishe, umri miaka ishirini na minne. Wiki ya pili nilimkuta mfagiaji ameingiza kidole mdomoni mwa mgonjwa. Niliandika malalamiko ya ukurasa mmoja, yenye hoja sita, na kila hoja ilikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni. Baideu alikatazwa kugusa wagonjwa, na stoo ya mifagio ikafungwa. Ilifungwa siku kumi na tisa.

Siku hizo kulikuwa na fundi seremala aitwaye Moniram, wiki ya nne ya mionzi. Nilimpa karatasi yangu iliyochapishwa: mayai, dengu, maziwa, nyama laini. Aliikunja kwa adabu akaiweka chini ya mto. Nilimwambia pia anunue maji ya kusukutulia ya dukani, yale ya kijani yenye harufu ya mnanaa. Yana spiriti. Mtu yeyote aliyekaa dakika kumi kwenye Bunge angejua kwamba kuyatia kwenye kinywa kama kile ni kumwagia kidonda moto. Moniram alinitii kwa sababu nilikuwa na koti jeupe. Alinitii siku tatu, na siku ya nne hakufungua tena mdomo, si kwa chakula, si kwa maji, si kwa jina lake. Uzito ulishuka, mionzi ikasimamishwa. Ndugu zake wakaona kwamba tiba ikisimama ni sawa na kwamba imekwisha, wakamchukua nyumbani.

Daktari Phukan wa mionzi ndiye aliyeshuka kuuliza kwa nini mwezi huu wagonjwa wake wanakatiza tiba, na yule mama wa vikombe yuko wapi. Chumba kikafunguliwa siku hiyohiyo. Hakuna aliyeniuliza chochote. Malalamiko yangu yalikuwa yameandikwa vizuri.

Oktoba mke wa Moniram alikuja peke yake. Alikuwa amevaa nyeupe, vazi la wajane kwetu, kwa hiyo hakuhitaji kutueleza. Alikuwa na popoo moja, nzima, na jani moja, zima, juu ya sahani ndogo. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Baideu, kumshukuru kwa wiki tatu za kwanza, ambazo mumewe alikuwa bado anakula. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Baideu alipokea kwa mikono miwili, akagusisha paji la uso. Angeweza kunionyesha kwa kidole, na ilikuwa haki yake. Alimsindikiza yule mama hadi langoni, akarudi, akanikuta palepale, akanipa beseni.

"Shika, mwanangu," akaniambia. "Na usitazame pembeni."

Hayo tu. Tangu siku hiyo, miaka minne na nusu, nimeshika beseni kila asubuhi kabla ya kupanda ofisini kwangu, na kila nilichoandika baadaye kwenye taarifa zangu zilizosifiwa nilikiona kwanza ndani ya beseni hilo. Jina lake niliwahi kuliweka kwenye taarifa moja. Liliondolewa na wakubwa wa ghorofani kwa maelezo kwamba msomaji atashangaa.

Nimefika kwenye sherehe.

Ilifanyika Ijumaa ileile saa tisa alasiri, ukumbi wa kulia chakula. Wagonjwa kumi na wawili wa wodi ya tatu waliketi mstari wa mbele, wengine mashavu yamefungwa bendeji, wengine na mirija puani. Na mlangoni, juu ya masinia marefu ya shaba, kamati ya sherehe ilikuwa imepanga tambuu za kuwakaribisha wageni. Zimekatwa. Zimepakwa chokaa. Zimetiwa tumbaku tamu. Katika hospitali ya saratani, kwenye sherehe ya mwanamke huyu, mbele ya mashavu yale. Nilimuuliza karani wa kamati ni nani aliyeagiza. Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini kuna viti. Akasema sasa tungewaita wageni bila kuwapa kitu, Assam gani hiyo. Hakuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo linalonichoma. Alikuwa anatafuna wakati ananijibu. Wageni waliokuja walichukua, wakatafuna, wakaketi nyuma ya wagonjwa, na harufu ile ikasonga mbele hadi mstari wa kwanza. Nilimwona mzee mmoja mwenye mrija puani akifumba macho, na ulimi wake ukatembea wenyewe ndani ya shavu, kutafuta.

Bwana Msimamizi wa hospitali mwenyewe alimkabidhi Baideu sinia jukwaani. Vipande viwili vya popoo iliyokatwa, jani limekunjwa tayari. Sote tulijua kwamba hawezi kukataa. Alichukua kwa mikono miwili. Akagusisha paji la uso. Kisha akasogelea kipaza sauti, na hiyo ndiyo hotuba yake yote baada ya miaka thelathini na mitatu:

"Nimewaambia siku zote, leteni nzima. Leo mimi mmenikatia."

Akaketi. Watu walicheka kidogo, kwa kutojua wacheke au la. Alibaki na tambuu ile mkononi hadi mwisho wa sherehe, na chokaa ikamchora kiganja.

Baada yake alisimama Bwana Msimamizi. Alisema maneno mazuri. Alisema Baideu ni mama wa hospitali, ni taa, ni chumvi ya wodi ya tatu. Alisema ameacha pengo ambalo halitazibika kamwe. Halafu, akiwa bado kwenye kipaza sauti, kwa sauti ileile ya upole, akatoa matangazo: kuanzia Aprili usafi wa wodi utafanywa na kampuni kutoka nje, na stoo ya chini ya ngazi itatumika kuhifadhi maboksi ya vipuri vya mashine mpya, kwa kuwa haitakuwa na matumizi mengine.

Nimefikiri sana juu ya sentensi hizo mbili kufuatana. Pengo halitazibika. Ndiyo, Bwana Msimamizi, halitazibika, kwa sababu hakuna aliyetumwa kuleta hata tofali moja. Mtu tusiyetaka kumlipia nafasi tunamwita wa pekee. Kazi tusiyotaka kuiandika daftarini tunaiita karama. Tukimsifu kwamba hakuna kama yeye, hatulazimiki kumtafuta wa kufanya kama yeye, na kesho yake tunaingiza maboksi. Kanuni zinasema nafasi ya mfagiaji hujazwa na mfagiaji. Ni kweli. Kanuni hizohizo ndizo nilizozinakili mimi mwaka 2018, hoja sita, mwandiko mzuri. Ninajua zinavyofanya kazi. Ninajua jina la mtu ambaye zilimfanyia kazi.

Jioni Baideu alikabidhi vifaa. Fomu ya makabidhiano ya mfagiaji ina mistari minne: mifagio, ndoo, matambara, ufunguo. Alijaza yote. Vikombe kumi na saba havikuwa na mstari. Visosi vitatu havikuwa na mstari. Aliniuliza aviandike wapi, na mimi, mwenye shahada, nikaigeuza fomu kutazama nyuma yake. Akaviacha mezani, akavua viatu vya kazi, akavaa vyake, akaondoka kwa basi la saa kumi na moja kama siku nyingine yoyote.

Kwa niaba ya wote waliowahi kumeza kitu katika jengo hili kwa sababu yake, na wengi wao hawawezi tena kutamka neno, ninasema asante, Baideu. Asante kwa sahani ulizozisoma. Asante kwa vidole vyako. Asante kwa yule mama aliyevaa nyeupe, ambaye hukumwambia. Tunakuombea miaka mirefu kwenye ua wako, chai yako ya tangawizi unywe ikiwa moto kama unavyopenda, wajukuu wakusumbue kiasi, na jirani yeyote atakayepanda baraza yako na sinia awe ameleta nzima. Ulimi wako ubakiwe na kila kitu.

Kuhusu chumba: wagonjwa kumi na wanne wa wodi ya tatu wako katikati ya mionzi hivi sasa, na kinywa hakingoji kikao cha bajeti. Jumamosi niliandika barua kwa Bwana Msimamizi kuomba stoo ya chini ya ngazi iandikwe rasmi kuwa chumba cha kutunzia vinywa, na saa mbili za kila asubuhi yangu zihamishiwe huko. Haijajibiwa. Sikungoja. Jumatatu tarehe 3 Aprili nilishusha meza yangu. Maboksi ya vipuri yaliyokuwa yameshaletwa, ishirini na mawili, niliyapandisha mwenyewe hadi ofisini kwangu ghorofa ya pili, ambako ni pakavu na kuna rafu. Atakayeyahitaji atayakuta huko. Ufunguo wa ofisi nimeuacha kwa mlinzi. Kufuli la chumba cha chini nimelibadilisha.